Mgonjwa Kijana na Baraza la Kwenye Kioo



Mara nyingi tumezungumza katika safu hii juu ya simu na michezo ya kompyuta, na mara nyingi tumezungumza kwa malalamiko. Wiki hii tunaomba tulitazame jambo hilo kwa upande wake wa pili. Tunamkusudia kijana aliyepatikana na saratani, msichana au mvulana wa umri baina ya miaka 12 na 20, ambaye halali wala haamki ila kioo cha simu kiko mkononi, na wazee wake hawajui kama wamwachie au wamnyang'anye.

Tuanze na hali yake ilivyo. Saratani ya damu, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowapata sana watoto, mara nyingi hutibiwa kwa muda wa miaka 2 hadi 3. Dawa zake hazichagui. Huziua chembe za saratani, na papo hapo huzipunguza chembe nyeupe za damu ambazo ndizo askari wa mwili. Aghalabu baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa, kinga ya mgonjwa huwa chini kabisa, na homa ambayo kwa mtoto mwingine ingepita kwa usingizi wa usiku mmoja, kwake huwa ni sababu ya kukimbizwa hospitalini. Kwa hivyo daktari huagiza wageni wapunguzwe na mgonjwa aepushwe na mikusanyiko. Kijana akakosa skuli, akakosa chuo, akakosa mpira wa alasiri, na akakosa baraza.

Tusilipuuze hilo la baraza. Kijana wa Mji wa Kale au wa Lamu hujifunza mengi pale penye ukumbi wa nyumba ya watu, baada ya sala ya isha: hujifunza kutaniwa asikasirike, kusema na kunyamaza, kujua nani mwendani na nani mpita njia. Mtu mzima akilazwa, watu wazima wenzake humzuru wakazungumza naye biashara na siasa, naye akajihisi bado ni mtu miongoni mwa watu. Je, kijana akilazwa huzuriwa na nani? Huzuriwa na watu wazima vilevile: shoga za mamake, mashangazi, majirani, kila mmoja akimtazama kwa macho ya huruma na kumuuliza amekula nini. Wenzake wa rika lake huja wote wiki ya kwanza, na kufika mwezi wa tatu haji hata mmoja. Hatusemi kwamba hawampendi. Hawajui waseme nini mbele ya mwenzao aliyenyonyoka nywele, na yeye hajui ajifanyeje mbele yao.

Kwa jambo hili kuna watu waliotafuta dawa yake mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka wa 1995, nchini Marekani, wakfu uitwao Starbright, ambao mwenyekiti wake alikuwa mtengenezaji filamu Steven Spielberg, ulizindua mpango ulioitwa Starbright World. Kompyuta ziliwekwa katika hospitali kadhaa za watoto zilizo miji mbalimbali, Mount Sinai ya New York ikiwa miongoni mwao, zikaunganishwa kwa mtandao wao wenyewe. Mtoto aliyelazwa mji mmoja alikaa mbele ya kompyuta, akajichagulia umbo alitakalo, kisha akaingia katika nchi ya kuchorwa ambamo umbo lile lilitembea, likakutana na maumbo ya watoto waliolazwa mji mwingine, wakazungumza, wakacheza, wakatafutana. Huo ndio unaoitwa ulimwengu pepe: mahali pasipopatikana katika ramani yoyote, lakini waliomo ndani yake ni watu kweli, wana majina na wana mama zao waliokaa kando ya kitanda.

Zingatieni mwaka wenyewe. Wakati huo intaneti ilikuwa changa hata huko kwao, na kwetu barua ilikuwa bado ikibandikwa stempu. Zingatieni pia kwamba mtandao ule ulikuwa wa faragha. Mpita njia hakuweza kuingia. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo ambalo wazee wengi wa leo hulikosa wanapomkabidhi mtoto simu.

Mwaka wa 2002 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, zilizoko Bethesda, walichapisha waliyoyaona kwa watoto wenye maradhi ya kutishia maisha waliokuwa wakiingia katika ulimwengu huo. Upweke ulipungua. Kujitenga kulipungua. Na watoto walikuwa radhi zaidi kurudi hospitalini kwa matibabu. Hili la tatu ndilo lililotusimamisha tulipolisoma. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Na miongoni mwa sababu linazozitaja ni matibabu kuachwa njiani. Huku kwetu matibabu huachwa zaidi kwa ajili ya nauli, gharama na umbali, hilo halifichiki. Lakini kila aliyewahi kumbembeleza kijana wa miaka 15 apande basi kwenda kutiwa dawa ambayo anajua itamtapisha siku tatu, anajua kwamba hata nauli ikipatikana, bado kuna moyo wa kupanda basi. Moyo huo nao unahitaji kutunzwa.

Wengine walishika njia nyingine. Jijini Seattle, Hunter Hoffman wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walitengeneza mchezo uitwao SnowWorld kwa ajili ya watu walioungua moto, ambao kubadilishwa bendeji kwao ni adhabu juu ya adhabu. Mgonjwa huvaa miwani maalumu, akajiona anapita katika bonde la barafu huku akirusha matonge ya theluji. Dawa ya maumivu hupewa kama kawaida. Ila akili ya mwanadamu haina vyumba visivyokwisha, na ikijaa theluji, maumivu hubakiwa na pembe ndogo. Miwani ya namna hiyo imejaribiwa pia kwa watoto wenye saratani wakati wa kuchomwa sindano. Ni jambo zuri, lakini ni la robo saa. Sindano ikitoka, miwani nayo hutoka, na kijana hurudi pale pale katika kitanda chake.

Kisha wapo walioingiza maradhi yenyewe ndani ya mchezo. Mwaka wa 2006 shirika la HopeLab la California, lililoanzishwa na Pamela Omidyar, lilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Re-Mission, nalo likaugawa bure kwa vijana wagonjwa. Shujaa wake ni Roxxi, askari mdogo kupita kiasi, ambaye hurushwa ndani ya miili ya vijana wenye saratani akapigana na chembe mbaya, na silaha zake ni dawa zilezile wanazopewa hospitalini. Mchezo huu ulipimwa kama zinavyopimwa dawa. Vijana 375 wa miaka 13 hadi 29, katika vituo 34 vya matibabu vya Marekani, Kanada na Australia, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa mchezo wa kawaida wa kompyuta, wengine wakapewa huo wa kawaida pamoja na Re-Mission. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2008 katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics. Waliocheza Re-Mission walishikamana zaidi na dawa zao za kumeza, walizidi kuyaelewa maradhi yao, na walijiamini zaidi kwamba wana la kufanya juu yake.

Hapa tunamwomba msomaji atue kidogo. Uchunguzi huohuo ulipima pia dhiki ya moyo na hali ya maisha kwa jumla, na huko haukuona tofauti. Kijana alimeza dawa vizuri zaidi, na moyo wake ukabaki vilevile. Sisi hatuoni kuwa hilo ni kasoro ya mchezo, kwa maana haikuwa kazi yake peke yake. Twaliona kuwa ni jibu kwa mzazi anayedhani kwamba kununua simu nzuri na kumpakulia mtoto michezo kumi kunatosha kumliwaza. Roxxi hupigana peke yake. Katika Starbright World kulikuwa na mtu upande wa pili.

Kisa kinachotufunza zaidi katika mlango huu hakikuwa cha saratani, lakini tunakileta kwa sababu ni cha kijana, maradhi mazito na wazee wake. Katika nchi ya Norway alikuwako kijana aitwaye Mats Steen, aliyezaliwa na maradhi ya kudhoofika misuli, yale yanayomnyang'anya mtoto miguu kisha mikono kisha pumzi. Alikuwa akikaa katika kiti cha magurudumu, na saa zake nyingi alizitumia katika mchezo wa kompyuta uitwao World of Warcraft. Wazazi wake walimpenda na kumtumikia, na walihuzunika. Walichokiona wao ni mgongo wa mwana wao, kiti chake na kioo chake, wakaamini kwamba maisha yalikuwa yakimpita bila ya rafiki na bila ya mtu kumhitaji.

Mats alifariki mwezi wa Novemba 2014 akiwa na miaka 25. Alikuwa akiandika shajara yake katika intaneti, naye aliwaachia wazazi wake neno la siri la kuifungulia. Babake, Robert Steen, akaandika humo kwamba mwanawe hayuko tena. Barua zikaanza kuingia. Ziliingia kutoka nchi mbalimbali za Ulaya, kutoka kwa watu ambao wazazi hawakupata kuwasikia, kila mmoja akieleza alivyomjua kijana wao kwa jina la Ibelin: aliyesikiliza matatizo yao, aliyewashauri, aliyeketi nao usiku kucha walipokuwa wamefikwa. Wengi wao kwa miaka mingi hawakujua kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa hakuwaambia. Baadhi walifunga safari kuja kuhudhuria maziko ya mtu ambaye hawakuwahi kumpa mkono. Kisa hicho kimefanyiwa filamu iliyotoka mwaka wa 2024.

Ni faraja kubwa kwa baba kujua hayo, na ni uchungu pia kuyajua baada ya maziko. Mle ndani Mats alikuwa na miguu. Alikimbia. Aliombwa msaada, wakati ambapo nje kila kitu alifanyiwa. Kijana wetu mwenye saratani, ambaye kutwa nzima hupimwa, hulishwa, huombewa dua na kuhurumiwa, ana njaa ya jambo hilo hilo: mahali ambapo mwenzake atamwambia, "Wewe huchezi kitu, leo nitakufunga," na amaanishe.

Basi tufanyeje, sisi ambao hospitali zetu hazina Starbright wala miwani ya theluji? Tunayo simu, na tunao jamaa wengi. Nyumba nyingi za Pwani zenye mtoto mgonjwa wa saratani hugawanyika: mama na mgonjwa huenda kukaa Mombasa au Nairobi kwa majuma, na ndugu hubaki Lamu, Malindi au Kwale na nyanya yao. Ndugu hawa husahauliwa sana katika maradhi ya namna hii. Wapeni kazi. Kila siku baada ya alasiri, mdogo wake acheze naye ludo au dama kwa simu, au wajenge pamoja nyumba katika Minecraft, mmoja aweke mlango na mwingine aweke dari. Mchezo una ubora mmoja ambao mazungumzo ya simu hayana: haumlazimishi mtu kuulizwa "wajionaje leo?" Watu hucheza, na kama kuna la kusemwa hutoka lenyewe katikati ya mchezo. Mwalimu wa darasa akiweza kupata wanafunzi watatu au wanne wa kupeana zamu, ni bora kuliko darasa zima kutuma ujumbe wa pole siku moja. Sote twajua kwamba kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, na wiki ambazo daktari amefunga mlango, hii nayo ni namna ya kubisha hodi.

Lakini tukumbuke ule ua wa Starbright. Kijana mgonjwa ni mpweke, na mpweke humwamini upesi yeyote anayempa sikio. Wapo katika intaneti wanaolijua hilo. Mzazi ajue mwanawe anacheza na nani, kama anavyojua anakaa baraza gani. Anayeuliza jina kamili, picha, mahali anapolazwa, au anayesema "tusimwambie mama," huyo atolewe. Kwa wasichana tunasisitiza zaidi, na tunasisitiza bila ya kuifanya iwe sababu ya kumnyima. Binti aliyepoteza nywele na nyusi ana haja kubwa ya mahali ambapo hatazamwi uso.

Mzazi mmoja alituuliza habari ya usiku. Mwanawe hucheza hadi saa nane za usiku, naye akaona simu ndiyo inayomkosesha usingizi. Tulimjibu kwanza amuulize daktari juu ya dawa. Katika matibabu ya saratani ya damu hutumika dawa kama prednisolone na dexamethasone, na dawa hizi zinajulikana kwa kumkosesha mtu usingizi na kumbadilisha hali ya moyo, leo ana hasira, kesho analia. Huenda daktari akaweza kusogeza saa ya kuzimeza. Kioo nacho hukimbiza usingizi, hatukatai, na ni vyema kuwe na saa ya kukizima. Ila kumnyang'anya simu kijana ambaye dawa ndiyo inayomkesha ni kumwacha macho katika giza, peke yake na fikira zake.

Na fikira hizo ni za nini? Katika nyumba zetu maradhi haya mara nyingi hayatajwi jina. Huitwa "maradhi yale," au "damu yake ina kasoro," na watu wazima huinuka kwenda ukumbini kuzungumza. Tunafahamu sababu, ni mapenzi na hofu. Lakini kijana mwenye simu amekwisha kuliandika jina la dawa yake na kusoma yote, ya kweli na ya uongo, ya mtoto na ya mzee wa miaka 80, na hana wa kumuuliza kwa sababu anamlinda mamake kama mamake anavyomlinda yeye. Ni afadhali mzazi aketi kando yake wasome pamoja, kisha maswali yaandikwe na kupelekwa kwa daktari. Ule mchezo wa Roxxi ulisaidia vijana kumeza dawa kwa kuwa uliwaeleza dawa inafanya nini. Mama mwenye maneno mazuri anaweza kueleza hayo hayo bila ya kompyuta yoyote.

Kuna mambo madogo yaliyobaki. Wiki za kichefuchefu kikali, michezo inayozungukazunguka huzidisha kutapika, basi ludo ni bora kuliko mbio za magari. Siku ambazo hataki kucheza na yeyote, aachwe. Simu ifutwe kila siku kwa kitambaa chenye spiriti, tena isiwe inapita mikono ya kila mgeni, maana wageni wamezuiwa mlangoni kwa ajili ya vijidudu na simu hupita navyo bila ya kuulizwa. Jamaa wanaotaka kuchanga, na hawajui wachange nini baada ya matunda kujaa juu ya kabati, wachange bando la wiki. Na wamnunulie chaja yenye waya mrefu, kwani kitanda cha wodini mara nyingi kiko mbali na soketi.